Nafasi Moja, Wasailiwa Wengi: Kicheko na Simanzi katika Filamu ya Il posto

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, tuanze na neno moja tu: nafasi. Tukisema pana nafasi garini, tuna maana ya mahali pa kukaa. Tukisema sina nafasi leo, tuna maana ya wasaa. Tukisoma gazetini kwamba kuna nafasi tatu zilizo wazi, tuna maana ya ajira. Neno moja limebeba mahali, wakati na riziki. Waitaliano nao wana neno linalokaribiana na hili letu, yaani posto, ambalo ni mahali na pia ni kazi. Mnamo mwaka wa 1961 mwelekezi Ermanno Olmi aliliteua neno hilo liwe anwani ya filamu yake, Il posto. Kule Uingereza iliitwa The Job na kule Marekani ikaitwa The Sound of Trumpets. Ningeombwa mimi niipe jina la Kiswahili, ningeiita Nafasi bila kusita. Filamu hii inasimulia habari za kijana anayetafuta nafasi kwa maana ya kazi, akaipata kwa maana ya mahali pa kukaa, na kwa kuipata akaanza kupoteza nafasi kwa maana ya tatu: wasaa wa kuishi.

Huenda ukauliza, filamu ya Kiitaliano inaingiaje katika kurasa za uhakiki wa fasihi ya Kiswahili? Inaingia kwa mlango wa tamthilia. Kila mwaka tunawaambia wanafunzi wetu kwamba kuna tanzia, kuna ramsa na kuna tanzia-ramsa, yaani mchezo unaochanganya huzuni na kicheko. Mwanafunzi huikariri fasili hiyo na kuiandika vizuri mtihanini. Hata hivyo, umwulizapo kicheko na huzuni vinachanganyikaje, atakujibu kwamba onyesho hili linachekesha na lile linaliza, mithili ya mchele na maharagwe katika sahani moja. Il posto inatuonyesha jambo gumu zaidi: tukio lile lile linaweza kuchekesha na kuhuzunisha kwa wakati mmoja, na mahali pazuri pa kulionea hilo ni kwenye usaili wa kazi.

Muhtasari wa Kisa

Domenico ni kijana kutoka Meda, mji mdogo ulio nje ya Milano katika jimbo la Lombardia. Kwao ni wafanyakazi wa kipato cha chini, na kitanda chake kimo jikoni. Ameacha masomo ili mdogo wake aendelee, kwa kuwa mfuko wa baba hauwezi kuwasomesha wote wawili. Asubuhi moja anapanda gari la moshi kwenda Milano kufanya usaili katika kampuni kubwa. Huko anakutana na msichana aitwaye Antonietta, ambaye naye amekuja kutafuta kazi. Wote wawili wanapita. Antonietta anakuwa mpigachapa katika jengo jingine. Kwa Domenico hakuna nafasi ya ukarani, hivyo anavishwa sare na kuwa tarishi. Anamtafuta msichana yule kwa macho kila siku, lakini saa zao za chakula hazilingani. Anamtarajia katika dansi ya mkesha wa Mwaka Mpya, naye haji. Kisha karani mmoja anafariki dunia, na Domenico anapewa meza ofisini. Filamu inaishia hapo.

Utaona, msomaji, kwamba hakuna wizi, hakuna mapigano wala fumanizi. Msuko ni sahili kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kuusimulia kwa dakika moja. Uzito wa kazi hii umo katika namna, si katika mengi ya matukio.

Usaili kama Jukwaa

Tutazame usaili wenyewe. Kwanza, wasailiwa wanaketi pamoja bila kujuana. Kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, kwani kila aliyepo ni mpinzani. Baadaye wanaongozwa kwa kundi barabarani hadi jengo jingine, kama wanafunzi wa chekechea, ili wafanye mtihani wa hesabu. Alasiri wanapimwa viungo: wachuchumae na kuinuka, wasome herufi kwa jicho moja. Hatimaye wanaulizwa maswali ya kupima akili, mojawapo likiwa iwapo wao hulewa ili wasahau dhiki zao. Domenico, ambaye hata ndevu bado kumwota, anayajibu yote kwa unyenyekevu.

Kicheko kinatoka wapi hapa? Hakuna mhusika anayefanya mzaha. Wasaili wako makini na wasailiwa wamekauka kwa hofu. Kinachochekesha ni pengo lililopo kati ya uzito wa taratibu na wepesi wa kazi inayotafutwa. Mitambo yote hii ya maswali, mizani na karatasi imewekwa ili kumpata mtu wa kubeba barua kutoka mlango huu hadi mlango ule. Hii ni kejeli, tena kejeli isiyopaza sauti. Olmi hamtukani yeyote. Anaiacha kamera imwangalie kijana akichuchumaa na kuinuka, nasi tunatabasamu, kisha tabasamu linakwama njiani, kwa sababu tunakumbuka kwamba nyumbani kuna baba anayesubiri majibu.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea wanapoieleza taharuki. Wao huandika kwamba taharuki ni hali ya kutaka kujua litakalotokea. Fasili hiyo haina kosa, ila haitoshi. Katika onyesho la usaili tunataka kujua iwapo Domenico atapita, naam. Lakini tunataka pia jambo la pili ambalo hatulitamki: tunataka asidhalilishwe. Taharuki kubwa huzaliwa pale ambapo msomaji ana matakwa mawili yanayopingana. Tunamtakia kijana afaulu, na papo hapo tunaona kwamba kufaulu kwake ni kukubali kuchuchumaa mbele ya watu asiowajua. Mtahiniwa atakayeieleza taharuki hivi, akatoa na mfano, atakuwa ametoka katika kundi la wanaokariri.

Katikati ya majaribio hayo kuna saa ya mapumziko. Domenico na Antonietta wanaingia katika mkahawa kunywa kahawa. Wote ni washamba wa mji. Wanasitasita na vikombe mkononi wakiangalia wenyeji wanafanyaje. Kisha wanavuka barabara mbio wakiwa wameshikana mikono. Onyesho hili ni fupi, na ndilo pekee ambamo Domenico hapimwi na mtu. Naam, usaili umempa kijana huyu furaha yake kuu kwa njia ya mapumziko yake. Zingatia kinaya hicho, kwani baadaye kazi yenyewe itamnyima hata mapumziko ya kumwona msichana huyo.

Kinaya cha Kufaulu

Tumezoea kwamba hadithi ya mtafuta kazi ina miisho miwili. Akipata, tunashangilia. Akikosa, tunahuzunika. Olmi anaikata kanuni hiyo. Kijana wake anapata, na huzuni inaanza pale pale anapopata. Hiki ndicho kinaya cha hali kilicho uti wa mgongo wa filamu nzima.

Kuna ishara moja ndogo mwanzoni ambayo mwalimu hafai kuipuuza. Ni mkanda wa kufungia vitabu. Mdogo wake Domenico anautaka, na Domenico anakataa kuutoa kwa kuwa ni wake. Lakini wa nini, maadamu shule amekwisha kuiacha? Ugomvi wa watoto wawili juu ya mkanda unachekesha, kama ugomvi wowote wa ndugu. Ndani yake, hata hivyo, mna kijana anayeagana na utoto wake bila kuandaliwa maagano. Hakuna hotuba, hakuna chozi. Kuna mkanda tu. Ukitaka kuwaeleza wanafunzi tofauti kati ya kusema na kuonyesha, huna haja ya mfano mwingine.

Kufa Kufaana

Baada ya Domenico kuajiriwa, filamu inafanya jambo la kushangaza. Inamwacha mhusika mkuu na kutupeleka katika ofisi ya makarani, kisha inatuonyesha vipande vya maisha yao baada ya kazi. Mmoja hukata sigara zake vipande ili zimfae kwa muda mrefu. Mwingine huimba nyimbo za opera mbele ya marafiki. Yupo mmoja aliyepanga chumba, ambaye usiku huandika riwaya kwa kujificha, kwani mwenye nyumba hapendi taa iwake hadi usiku wa manane. Mchana, watu hawa ni migongo iliyoinamia meza. Usiku kila mmoja ni ulimwengu.

Kisha tunapelekwa kwenye dansi ya mkesha wa Mwaka Mpya. Domenico anafika mapema, ukumbi ukiwa karibu mtupu. Anakabidhiwa chupa ya mvinyo na kuketi peke yake, hadi mume na mke waliomzidi umri wanapomwonea imani na kumkaribisha. Antonietta haji. Polepole watu wanaongezeka, muziki unashika kasi, na kijana wetu, kofia ya karatasi kichwani, anajikuta akicheza na kucheka pamoja na umati. Ghafla, bila neno la mpito, tunaonyeshwa meza tupu ofisini. Yule mwandishi wa riwaya ameaga dunia. Hatukukiona kifo chake. Tunaona droo ikifunguliwa, vitu vyake vikitolewa, na mswada wake ukiwekwa kando kama karatasi nyingine yoyote.

Wahenga walisema kufa kufaana. Methali hii huja mara kwa mara katika maswali ya insha, na watahiniwa wengi huandika juu ya mjomba tajiri aliyekufa na kuacha shamba. Hapa tunapata kisa chenye ukali zaidi. Mtu amekufa, na kilichoachwa ni meza. Domenico anaelekezwa aketi hapo, mbele. Papo hapo karani wa nyuma analalamika: yeye amengoja kwa miaka mingi, iweje mgeni apewe meza ya mbele? Basi makarani wote wananyanyuka, kila mmoja anabeba vitu vyake na kusogea mbele kwa meza moja, na tarishi wa jana anatupwa mwisho kabisa wa chumba.

Onyesho hili linavunja mbavu. Watu wazima wanakimbilia meza kama watoto wanaogombea kiti cha dirishani. Lakini fikiria hesabu yake, msomaji. Ikiwa kila anayesogea mbele husogea kwa kifo au kustaafu kwa aliye mbele yake, basi Domenico ameonyeshwa maisha yake yote kwa mtazamo mmoja. Kutoka meza ya nyuma hadi meza ya mbele, ndiyo safari yenyewe. Nafasi imekuwa mahali, na mahali pamekuwa hatima. Filamu inamalizikia usoni pake, huku tukisikia mlio wa mashine ya kurudufisha karatasi ukizunguka, ukizunguka. Mlio huo ni jazanda: mashine inatoa nakala, na ofisi inatoa nakala za watu.

Domenico na Dennis

Kwa mwalimu anayetaka kuihusisha filamu hii na fasihi yetu, mlinganisho wa karibu upo. Katika diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, iliyowahi kutahiniwa katika KCSE, imo hadithi ya "Mapenzi ya Kifaurongo" yake Kenna Wasike. Humo, Dennis Machora, kijana msomi aliyetoka katika umaskini, anahudhuria mahojiano ya kazi na kuikosa. Kukosa kazi kunamkosesha pia mapenzi ya Penina, binti wa matajiri.

Weka visa hivi viwili bega kwa bega. Dennis anaanguka usaili, mapenzi yanavunjika. Domenico anafaulu usaili, mapenzi hayapati hata fursa ya kuanza. Ni yupi aliye katika tanzia? Swali hili halina jibu rahisi, na ndiyo sababu linafaa darasani. Kwa Dennis, jamii inampima mtu kwa kazi aliyo nayo, na asiye nayo ni bure. Kwa Domenico, jamii imempima, ikamkubali, ikamweka pembeni. Visa vyote viwili vinaafikiana juu ya jambo moja: chumba cha usaili ni kioo cha jamii iliyokijenga.

Aidha, usisahau sura ya tatu ya usaili katika fasihi yetu. Katika Shetani Msalabani, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka mwaka wa 1982, Wariinga anamsimulia kijana asiyemjua kwenye kituo cha basi kisa cha Kareendi, msichana anayebisha milango ya ofisi akitafuta kazi na kukuta kwamba mabosi wanamsaili mwili badala ya ujuzi. Pale kejeli ni kali na yenye hasira. Mlinganishe Kareendi na Antonietta, utaona mara moja kwamba Olmi amemwonea msichana wake aibu ya kumfuata hadi ndani ya ofisi yake.

Pingamizi

Sasa nikubalie nilijibu swali ambalo najua tayari limo kinywani mwako. Je, si anasa kumlilia kijana aliyepata kazi ya kudumu? Wanafunzi wetu wakimaliza kidato cha nne hutembea na vyeti ndani ya bahasha hadi bahasha zikachakaa. Mwambie mmoja wao kwamba Domenico ana huzuni, atakujibu: nipe mimi hiyo huzuni, na mshahara wake.

Pingamizi hili ni la haki, na mhakiki anayelipuuza hajui anamwandikia nani. Lakini tuitazame filamu kwa makini. Olmi hamdharau Domenico kwa kuitaka kazi, wala hamdharau baba yake kwa kumsukuma. Olmi mwenyewe alikuwa karani katika kampuni ya umeme ya Edison huko Milano, na ni katika kampuni hiyo alikojifunza kushika kamera kwa kutengeneza filamu za habari za kikazi. Anaijua meza ya nyuma. Italia ya miaka hiyo ilikuwa katika kipindi cha ukuaji mkubwa wa uchumi, na maelfu walitoka vijijini kufuata viwanda na ofisi za kaskazini. Kazi ya kudumu ilikuwa wokovu wa kweli kwa familia zilizowahi kulala njaa wakati wa vita. Filamu haikanushi hilo. Inachofanya ni kuuliza bei.

Na kuuliza bei si kukataa kununua. Mkulima huuliza bei ya mbolea kisha akainunua, maana bila mbolea hakuna mavuno. Mwanafunzi wetu atakwenda kwenye usaili, na tunamwombea apite. Tungemsaidia zaidi lau tungemfundisha pia kwamba kazi ni sehemu ya maisha, na kwamba yule karani aliyeandika riwaya yake usiku hakuwa mjinga. Swali chungu la filamu ni hili: kwa nini hakuna aliyejua kwamba anaandika hadi alipokufa? Mwalimu anayehesabu gredi peke yake anaweza kukaa na mwandishi darasani kwa miaka minne asimtambue. Hapo filamu hii inatugusa sisi tulioshika chaki, kabla ya kumgusa mwanafunzi.

Dosari

Kazi hii haikukosa kasoro. Kwanza, Antonietta anatoweka mno. Hatuoni kwao wala hatumwoni akiwa kazini kwa muda wa kutosha, na kutofika kwake dansini hakuelezwi. Mtu anaweza kutetea kwamba sisi tunaona tu anachokiona Domenico. Utetezi huo unavunjwa na filamu yenyewe, ambayo inatupeleka majumbani kwa makarani ambako Domenico hakufika. Kama kamera ilipata njia ya kuingia chumbani mwa karani, ingepata pia njia ya kuingia kwa msichana. Pili, mwendo wake ni wa pole mno kwa mtazamaji aliyezoea vichekesho vya runinga, na mwalimu asiyewaandaa wanafunzi wake atawapoteza mapema.

Matumizi Darasani

Upole huo unaweza kugeuzwa faida. Maonyesho mengi yana maneno machache, hivyo lugha ya Kiitaliano haitakuwa kikwazo kikubwa. Onyesha sehemu ya wasailiwa wakingoja, uifunge sauti, kisha waambie wanafunzi waandike uzungumzi nafsia wa msailiwa mmoja kwa aya moja.

Zoezi hili litawafaa hata katika insha ya mahojiano. Tatizo kuu la insha hizo ni kwamba mtahiniwa hupanga maswali na majibu kwa muundo sahihi, lakini hakuna anayeogopa, hakuna anayekohoa, hakuna kiti kinacholia. Mkumbushe kwamba maelezo mafupi ndani ya mabano, mathalani (akifuta jasho) au (akitazama saa), yanaweza kuupa mhusika uhai ambao majibu kumi hayawezi kuutoa. Domenico hasemi mengi. Tunamjua kwa jinsi anavyoshika kofia yake.

Mwisho, mtahiniwa azoee kuthibitisha. Asiandike kwamba kazi fulani ina kinaya, akaishia hapo. Aseme nini kilitarajiwa, nini kilitokea, na pengo la mawili hayo linatufunza nini. Kwa Il posto, jibu kamili ni sentensi tatu: ilitarajiwa kwamba kupata kazi kungemfungulia kijana maisha, amepata kazi kwa kuwa mwingine amefungiwa ya kwake, nasi tunafunzwa kutazama ni nani aliyekalia kiti kabla yetu.

Maswali ya Kujadili

1. "Kicheko ni mlango wa huzuni." Jadili kauli hii ukirejelea usaili wa Domenico na ugomvi wa makarani kuhusu meza.

2. Linganisha na ulinganue jinsi kazi inavyoathiri mapenzi ya Domenico na ya Dennis Machora.

3. Andika kisa kitakachothibitisha ukweli wa methali: Kufa kufaana. Usiandike juu ya urithi wa mali.